Walilipigania jimbo, wakaambulia viti vinne

Kuna usiku mmoja nilikuwa nakodolea macho jedwali la matokeo ya uchaguzi wa zamani (ndio, mi ni wa aina hiyo, wenzangu wanaangalia mpira mi naangalia nani alipata viti vingapi) nikafika kwenye mstari mmoja nikagoma kuendelea. Uttaranchal, India, 2002. Viti 70 vya bunge la jimbo. Congress 36, BJP 19 (hivyo viwili ndo vyama vikubwa vya India), BSP 7, wagombea binafsi 3, NCP 1, na Uttarakhand Kranti Dal 4. Nikasoma tena. Vinne? Hawa Kranti Dal si ndo walikuwa wanalilia hilo jimbo liundwe toka 1979?

Toka siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za huu uchaguzi kila nikipata nafasi na naona ni moja ya chaguzi tamu kuzisimulia duniani, japo hakuna anayeizungumzia, kila mtu akitaja siasa za India anakwambia Delhi, Modi, familia ya Gandhi, basi.

Kwanza tuelewane tunazungumzia wapi. Ni kule juu kabisa kaskazini, milima ya Himalaya, wanapakana na Nepal upande mmoja na Tibet upande mwingine, mito ya Ganga na Yamuna inaanzia huko. Badrinath, Kedarnath, mahekalu mengi makubwa ya Wahindu ya milimani yako huko. Sasa huko kote zamani kulikuwa ni sehemu ya Uttar Pradesh, jimbo lenye watu wengi kuliko yote India, na makao makuu yake yako Lucknow, chini kabisa kwenye tambarare, kwenye joto na vumbi. Yaani mtu anaishi Pithoragarh ukingoni mwa Nepal, barabara ya kijijini kwake imebomoka kwa maporomoko, na faili lake linasubiri sahihi ya mtu aliyeko Lucknow ambaye hajawahi kupanda mlima maishani. Kwenye bunge la Uttar Pradesh lililokuwa na wabunge zaidi ya 400 eneo lote hilo lilikuwa na viti ishirini na kitu tu. Ukipiga kelele nani anakusikia?

Vijana walikuwa wanashuka. Hilo ndo neno lenyewe, kushuka. Kijana akimaliza shule anashuka Delhi, anashuka Lucknow, au anaingia jeshini, maana Kumaon na Garhwal, zile pande mbili za milima hiyo, wana vikosi vyao vya jeshi vinavyojulikana toka enzi za Mwingereza. Mke na wazazi wanabaki juu wanasubiri hawala ya posta. Wahindi wenyewe wakaupa jina uchumi huo, uchumi wa hawala za posta, na wanawake ndo walikuwa wanaendesha kila kitu, shamba, ng'ombe, kuni, maji, majani ya mifugo. Ni wanawake hao hao waliokumbatia miti miaka ya 70 kuzuia isikatwe, harakati ya Chipko, mama mmoja anaitwa Gaura Devi wa kijiji cha Reni na wenzake mwaka 1974 wakawarudisha wakata miti mikono mitupu. Kwahiyo ukisikia watu wa huko walidai jimbo lao usifikiri ni wanasiasa tu walikaa hotelini wakaamua.

Chama chenyewe cha kudai jimbo, Uttarakhand Kranti Dal, ufupi wake UKD, kilianzishwa Mussoorie Julai 1979. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa D.D. Pant, mwanafizikia, aliyewahi kuongoza Chuo Kikuu cha Kumaon. Napenda sana hilo, chama cha ukombozi wa milima kinaanza na profesa wa fizikia. Ajenda ilikuwa moja tu, tupeni jimbo letu. Miaka ikaenda, wakipata kiti kimoja kimoja, Kashi Singh Airy akawa anaingia bunge la Lucknow anaongea peke yake kama mtu anayehutubia mbuyu.

Halafu ikaja 1994.

Serikali ya Uttar Pradesh chini ya Mulayam Singh Yadav ikaamua asilimia 27 ya nafasi za kazi na masomo zitengwe kwa matabaka yaliyoachwa nyuma. Kule tambarare ilikuwa na mantiki yake, watu hao ni wengi mno. Milimani ni wachache sana, watu wengi huko ni Brahmin na Rajput, maskini kwelikweli lakini kwa karatasi ni wa tabaka la juu. Wakapiga hesabu wakaona kumbe hata zile nafasi chache za ualimu na ukarani zilizopo huku juu zitachukuliwa na watu wa kutoka chini. Mi binafsi nadhani hoja yao ilikuwa na sehemu ya haki na sehemu ya ubinafsi wa tabaka, na waandishi wengi wa huko hii sehemu ya pili wanaipitia haraka haraka. Ila kilichofuata hakina utetezi. Tarehe 1 Septemba polisi wakawafyatulia risasi waandamanaji pale Khatima. Tarehe 2, kesho yake tu, Mussoorie. Watu wakafa kote kuwili.

Na usiku wa kuamkia tarehe 2 Oktoba, siku ya kuzaliwa Mahatma Gandhi jamani, mabasi yamejaa watu wanashuka kwenda Delhi kuandamana kwa amani, wakasimamishwa na polisi sehemu inaitwa Rampur Tiraha, wilaya ya Muzaffarnagar. Risasi zikapigwa, watu wakauawa, wanawake wakabakwa, na hilo la kubakwa sio uvumi maana wapelelezi wa serikali kuu, CBI, walilitaja kwenye taarifa zao. Unajua lini askari wawili walihukumiwa kifungo cha maisha kwa ubakaji wa usiku ule? 2024. Miaka 30. Huwa nikifika hapo nafunga kompyuta kwanza.

Baada ya Rampur Tiraha hakukuwa tena na swali la kama jimbo litakuja, swali lilikuwa nani atalitoa ili apewe sifa. Waziri mkuu Deve Gowda akalitangaza Agosti 15, 1996 kwenye hotuba ya siku ya uhuru pale Red Fort, halafu serikali yake haikudumu. BJP wakaichukua hoja, Vajpayee wao alipokuwa waziri mkuu na kukaa vizuri madarakani sheria ikapita, na tarehe 9 Novemba 2000 jimbo la 27 la India likazaliwa. Mwezi ule India ilizaa mapacha watatu, Chhattisgarh tarehe 1, hawa tarehe 9, Jharkhand tarehe 15.

Mzee Indramani Badoni, mmoja wa viongozi wa kudai jimbo, ambaye watu walimuita Gandhi wa Uttarakhand, yeye alifariki Agosti 1999. Hakuliona hilo jimbo.

Sasa hapa ndo utamu unapoanza. BJP wamelitoa jimbo, ukitaka kuwa mkweli wao ndo waliokamilisha, kwahiyo ukiwauliza wao wangekwambia uchaguzi wa kwanza ni wa kuchukua tu, kama mtu kwenda kuchukua chenji yake dukani. Lakini kwenye kulitoa wakafanya vituko. Watu wameandamana miaka 20 wakiimba Uttarakhand, BJP wakalipa jina Uttaranchal. Kwanini? Walikuwa wameshazoea hilo jina lao la chama wakaona litumike hilo hilo. Fikiria umehangaika kupata mtoto, siku ya kumpa jina jirani anakuja na jina lake na cheti keshaandika. Makao makuu watu walitaka Gairsain, mji mdogo wa milimani karibu na pale Garhwal na Kumaon zinapokutana, wakapewa Dehradun bondeni, eti kwa muda. Wilaya ya Haridwar ikaingizwa humo, na Udham Singh Nagar nayo, zote ni tambarare, mashamba ya miwa na ngano, na huko kuna wakulima Masingasinga ambao hawakutaka kabisa kuingizwa kwenye jimbo la watu wa mlimani, hadi chama cha Akali Dal ambacho ni mshirika wa BJP kikaja juu.

Na waziri kiongozi wa kwanza, yaani mkuu wa serikali ya jimbo, wakamuweka Nityanand Swami. Mzee wa watu hakuwa na ubaya, ameishi Dehradun miaka na miaka, lakini amezaliwa Haryana. Yaani watu wamemwaga damu wasitawaliwe na watu wa tambarare, jimbo limepatikana, wa kwanza kukalia kiti ni wa tambarare. Bunge la kwanza lenyewe halikuchaguliwa, walichukua waliokuwa wabunge wa Uttar Pradesh kutoka eneo hilo, wa nyumba ya chini na ya juu, wakapatikana 30, wakaambiwa nyie ndo bunge la muda. Mwisho wa Oktoba 2001 wakaona mambo mabaya wakamtoa Swami wakamuweka Bhagat Singh Koshyari, huyu sasa mtu wa Kumaon haswa, lakini imebaki miezi mitatu minne uchaguzi ufike. Jahazi linaingia maji ndo unabadilisha nahodha.

Uchaguzi ukawa tarehe 14 Februari 2002. Ndio, Siku ya Wapendanao, utani umeshafanywa wote sirudii. Ulienda sambamba na wa Uttar Pradesh, Punjab na Manipur. Februari huko juu ni theluji, watu wa uchaguzi wanapanda na mashine na makaratasi yao kwa miguu kwenda vijiji ambavyo gari halifiki, na vipo vijiji vya mpakani ambavyo wakati huo wa mwaka havina mtu kabisa kwasababu watu wa jamii ya Bhotia wakati wa baridi wanahama na mifugo yao kwenda mabonde ya chini. Orodha ya wapiga kura ilikuwa na watu milioni 5 na ushee, ukiwagawa kwa viti 70 unapata kama elfu 75 kwa kila kiti, kiduchu sana kwa India. Waliojitokeza ni kama asilimia 54.

Watu wengi wanapita haraka hapa kwenye ukubwa wa maeneo, na mi naona ndo ufunguo. Eneo lile lile lililokuwa na viti ishirini na kitu sasa lina 70, kila eneo limekuwa dogo, na sehemu ndogo kila mtu anajuana. Mwalimu mstaafu anajiona anaweza kuwa mbunge. Mkandarasi naye hivyo hivyo, mwanajeshi mstaafu ndo usiseme, na aliyenyimwa tiketi na chama chake anaenda kugombea binafsi kwa hasira. Wagombea wakawa utitiri. Matokeo yake Congress walipata kama asilimia 27 ya kura, BJP kama 25 na nusu. Tofauti ni asilimia moja na nusu hivi! Lakini viti ni 36 kwa 19. Karibu kura tatu kwa kila kumi ziliwaendea wagombea binafsi na vyama vidogo vidogo ambavyo karibu vyote vikatoka kapa. Ukiwa na uwanja uliopasuka vipande hivyo, upepo kidogo tu unahamisha rundo la viti. Kwahiyo mtu akikwambia wananchi waliwakataa BJP kwa kishindo mwambie aangalie tena. Waliwakataa kwa pua. Na Congress nao 36 kati ya 70 ni kwamba ukitoa kimoja tu huna wingi.

BJP waliumia, Swami mwenyewe akaanguka kwenye kiti chake Dehradun, Koshyari akapona kule Kapkot.

Alafu BSP 7! Chama cha Madalit, watu wa tabaka la chini kabisa, chenye mizizi huko huko Uttar Pradesh ambayo watu wa milimani waliikimbia, viti vyake vilitoka tambarare, wilaya ya Haridwar na ile ya Udham Singh Nagar. Karibu mara mbili ya chama cha milima. Ndo ujue ukishaingiza tambarare kwenye jimbo la mlimani, na wao wana kura.

Sasa turudi kwa UKD na hivyo viti vinne. Airy alishinda kule Kanalichhina, Bipin Tripathi akachukua Dwarahat, ukijumlisha na wengine wawili orodha imeisha. Kura za chama kizima kama asilimia 5 na nusu. Nimebishana na rafiki yangu kuhusu hili, yeye anasema wananchi ni wasahaulifu, hawana shukrani. Mi sikubaliani. Waswahili tulishasema mla ni mla leo, mla jana kala nini. Mpiga kura wa Chamoli, wilaya ya milimani, asubuhi ya tarehe 14 anajiuliza nani atanipa daktari pale zahanati, nani ataleta mwalimu asiyekimbia baada ya mwezi mmoja. UKD walikuwa na jibu zuri la swali ambalo limeshajibiwa. Miaka 20 chama kina sentensi moja tu, tunataka jimbo, sasa jimbo hili hapa, sentensi ya pili iko wapi? Pesa hawana, na mwaka 1994 moto ulipowaka si wao walioushika, walikuwa wanafunzi, wafanyakazi wa serikali, akina mama na wanajeshi wastaafu, watu ambao kwenye kura walirudi kila mmoja kwenye chama chake cha zamani. Hata wale akina mama waliopanda mabasi ya Delhi, wanawake walioingia kwenye lile bunge unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Hilo mi ndo linaniuma kuliko viti vinne vya UKD.

Congress wameshinda, nani awe waziri kiongozi? Aliyepiga kampeni ni Harish Rawat, mwenyekiti wa chama wa jimbo, kazunguka milima yote, kila mtu alijua ni yeye. Simu ikatoka Delhi. Sonia Gandhi, kiongozi wa Congress, kamchagua Narayan Dutt Tiwari. Tiwari, umri miaka 76, mbunge wa Nainital huko bunge kuu, hakugombea hata kiti kwenye huo uchaguzi, alishakuwa waziri kiongozi wa Uttar Pradesh mara tatu, alishakuwa waziri wa fedha na wa mambo ya nje wa India nzima, na watu wanasema kama asingeanguka kwenye uchaguzi wa 1991 angekuwa waziri mkuu badala ya Narasimha Rao. Na sikiliza hii sasa, huyu ndo mzee anayekumbukwa kwa kusema kwamba jimbo hilo litaundwa juu ya maiti yake. Wafuasi wa Rawat wakawaka, haikusaidia kitu. Tarehe 2 Machi 2002 Tiwari akaapishwa, baadae akatafutiwa kiti kwa uchaguzi mdogo pale Ramnagar.

Hebu pangilia mwenyewe: waliolidai wana viti vinne, waliolitoa wako upinzani, na asiyelitaka ndo anaendesha.

Na ukweli mchungu zaidi ni kwamba aliendesha vizuri, au tuseme aliendesha. Akamaliza miaka yake mitano, wa kwanza, na baada yake kwa miaka mingi hakuna mwingine aliyemaliza, ni kubadilishana tu kama zamu za walinzi. Alikuwa na watu anaowajua Delhi kwa majina, na Vajpayee wa chama pinzani alipotoa nafuu ya kodi kwa viwanda vya milimani mwaka 2003, Tiwari akaidaka kwa mikono miwili na maeneo ya viwanda yakajengwa Haridwar na Pantnagar. Ila angalia hizo sehemu mbili kwenye ramani. Tambarare zote. Kwahiyo kijana wa Pauri bado anashuka, tofauti ni kwamba sasa anashukia ndani ya jimbo lake. Sensa ya 2011 ilikuta wilaya za Almora na Pauri Garhwal zina watu wachache kuliko miaka kumi nyuma yake, na kuna vijiji vimebaki milango imefungwa na nyasi zimeota mlangoni, wenyewe wanaviita vijiji vya mizimu. Watu wakihama viti navyo vinahama, mipaka ya maeneo ya uchaguzi ilipochorwa upya mwaka 2008 tambarare ikaongezewa viti na milima ikapunguziwa.

Tiwari alifariki 18 Oktoba 2018, siku aliyotimiza miaka 93. Rawat alisubiri miaka 12 akapata uwaziri kiongozi 2014, halafu 2017 akagombea viti viwili kwa mpigo akaanguka vyote viwili, yule ana bahati yake ya peke yake. UKD baada ya vile vinne wakapata vitatu 2007, kimoja 2012, na 2017 hawakupata kitu. Jina walilipata lakini, Januari 1, 2007 Uttaranchal ikawa rasmi Uttarakhand.

Na Gairsain? Mwaka 2020 ilitangazwa makao makuu ya kiangazi. Limejengwa jengo la bunge huko Bharadisain, juu kabisa, zuri kwenye picha. Waheshimiwa wanapanda huko siku chache kwa kikao, baridi ikikaza wanapakia mizigo wanashuka Dehradun.